Manjano bila maumivu: si kila kongosho lililovimba ni saratani

Pole sana mkuu. Umeandika kwamba baba yako mdogo ana macho ya manjano, haumwi tumbo, CT imeonyesha kongosho limevimba, na mmeambiwa inaelekea ni saratani. Umeuliza kama kuna ugonjwa mwingine unaofanana nayo. Upo: kongosho kuvimba kwa kushambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, kitaalamu autoimmune pancreatitis. Mzee wangu aliupata akiwa na miaka 66.

Kwake ulianza na kuwashwa. Usiku nilikuwa namsikia akijikuna mgongo kwa gunzi. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka, mwili ukapungua, halafu ndiyo macho. Hospitali ya kwanza iliandika uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, na nyumbani tukaanza kumlilia mtu aliye hai.

Daktari wa pili, bingwa wa tumbo na ini, kabla hajafungua bahasha ya picha alimshika mzee chini ya taya. Pande zote mbili zilikuwa zimejaa, ngumu, haziumi, tangu mwaka uliopita. Sisi tulishazoea, tukaita matubwitubwi, wala hatukuwahi kuyataja hospitali. Akauliza na sukari imeanza lini. Miezi mitatu tu. Hapo akatueleza kuhusu ugonjwa huu wa kinga kulishambulia kongosho, na kwamba aina yake ya kwanza, inayowapata zaidi wanaume wa umri mkubwa, hugusa pia tezi za mate, mifereji ya nyongo, hata figo.

Kwenye picha alituonyesha kongosho lililovimba lote, limenyooka kama soseji, lina utando mwembamba kulizunguka. Saratani mara nyingi huziba mfereji wa kongosho, na nyuma ya kizibo mfereji unatanuka. Wa mzee ulikuwa mwembamba mwanzo hadi mwisho. Lakini jihadhari: wakati mwingine ugonjwa huu huvimbisha sehemu moja tu, na hapo kuutofautisha kwa picha ni kazi kweli.

Damu ilipimwa IgG4, aina mojawapo ya protini za kinga ya mwili. Kwenye maabara nyingi kikomo ni kama 135 mg/dL; yake ilikuwa 412. Kupita mara mbili ya kikomo ni dalili nzito, ila haitoshi peke yake, kwa sababu hata baadhi ya wagonjwa wa saratani hupanda kidogo. Na aina ya pili, ya vijana, ambayo huenda pamoja na ugonjwa wa utumbo mpana, IgG4 huwa ya kawaida. Kwa hiyo alichukuliwa kipande kidogo cha nyama ya kongosho (kinyama) kikapimwe, kwa endoskopi, yaani mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, yenye altrasaundi. Seli za saratani hazikuonekana.

Ndipo akapewa prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, mg 40 kwa siku. Wiki mbili macho yalikuwa meupe, na CT ya marudio ikaonyesha kongosho limenywea.

Nakusihi, msimpe dawa hizo kwa kubahatisha. Zinaweza kumpa nafuu ya uongo saratani ikiendelea kukua, zinapandisha sukari, na kama ana TB au homa ya ini B iliyojificha zinaiamsha. Saratani itafutwe kwanza. Hata mzee, ugonjwa ulimrudia mara moja, bado yuko kliniki.

Leo mshike baba mdogo chini ya taya, muulize kuhusu sukari, macho kukauka na kuharisha damu. Kisha ombeni IgG4 na kinyama kabla ya kusaini upasuaji. Majibu yakitoka, yaandike hapa, nipo.