Na hawa watoto, patro wao ni nani?

Jumanne iliyopita mdogo wangu mmoja anayesoma Kasapa, kampasi ya chuo kikuu hapa Lubumbashi, alikuja nyumbani na mashini (kompyuta) mgongoni, anacheka peke yake tangu mlangoni. Akaunti yake ya kazi za sauti, zile za kurekodi sentensi kwa malipo kwenye intaneti, imekubaliwa, baada ya kukataliwa mara tatu. Nilifurahi kweli, tukamwongezea sahani ya bukari (ugali). Alipokwisha kunawa mikono akaniambia mpango wenyewe: amepata wenzake wanne, watakaa chumbani kwake, watasoma sentensi kwa zamu kwenye simu moja, na fomu za ridhaa atazisaini yeye zote, "ili tusichelewe, yaya", yaani mkubwa wake. Nilibaki na tonge mkononi. Akaniuliza kama mwiba wa samaki umenikwama.

Huyu ni wa sita tangu mwaka uanze kuniletea mpango huo huo. Ninawapenda, wadogo zangu, na mnanichosha. Basi nawaandikia wote kwa pamoja, ninyi mnaoanza kutafuta feza (pesa) kwenye intaneti hapa Lubumbashi, na wenzenu wa Likasi na Kolwezi: watu wa tafsiri, wa unukuzi (kugeuza sauti kuwa maandishi), wa sauti, wa manukuu ya video. Dashibodi mnaijua, profaili mnajua kuipamba. Hayo siyagusi.

1. Mnakuja mkitafuta dola, lakini kitakachobadilika kwanza ni macho yenu. Katika mji huu neno kazi limekuwa na sura moja kwa muda mrefu. Babu yangu alikula posho ya unga ya Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni. Baba yangu alikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, baada ya serikali kuitwaa Union Minière mwaka 1967, na sisi watoto tulitibiwa katika hospitali ya kampuni na kusoma shule ya kampuni. Mwaka 2003 ukaja ule mpango wa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakachukua bahasha wakaenda, na baba alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana kwetu kuwa na kazi ni kuwa na mtu juu yako, patro, yaani bosi. Atakulisha, siku nyingine atakukosea, na ukikosewa unajua wa kumlaumu.

Sasa mtu huyo hayupo. Miezi ya kwanza nilijisikia mwepesi mno. Nilikuwa nimeacha kazi katika duka la vipuri ambako mshahara wa mwezi ulifika katikati ya mwezi unaofuata, na kila tulipouliza tulijibiwa kwa maneno yaleyale: "Feza iko mu njia." Nilipotoka pale niliapa kwamba maneno hayo sitayasikia tena. Yashikeni maneno hayo, nitayarudia.

2. Semeni bei. Tumelelewa kumwambia mkubwa "utaona mwenyewe, patro", na mnaliandika jibu hilohilo kwa mteja wa Kanada ambaye hajui mnamaanisha nini. Andikeni kiasi, kwa neno au kwa dakika ya sauti, na mpige hesabu ya makato kabla hamjafurahi. Fiverr, soko la kazi za mtandaoni, inachukua asilimia 20, kwa hiyo oda ya dola 10 ni dola 8, na kwa muuzaji wa kawaida hizo 8 zinangoja siku 14 baada ya oda kukamilika kabla hamjaruhusiwa kuzitoa. Baada ya hapo kuna makato ya kuzitoa. Msikope kwa mama wa makala (mkaa) mkitegemea namba iliyo kwenye skrini.

3. Lugha yenu ni mali, ila someni mteja ameomba ipi. Kiswahili cha Kongo kina alama yake katika orodha za lugha, swc, na kile cha pwani ni swh. Nimeona kijana akipewa oda ya swc akapeleka Kiswahili cha kitabu, safi, hakina kosa, na kikarudishwa chote. Mimi shuleni nilichapwa kwa kusema "batoto" badala ya "watoto". Mwalimu alituaminisha kwamba tunachosema nyumbani, mtaa wa Katuba, ni lugha iliyovunjika. Miaka baadaye mtu wa mbali akanilipa kwa saa nyingi za "batoto" na "bantu", akitaka hasa namna mama yangu anavyosema. Siku ile nilirudi nyumbani nikamsikiliza mama kwa sikio lingine kabisa. Alikuwa anagombana na jogoo, na nilikuwa nanukuu kichwani. Huwezi kujua jambo hilo linamfanyia nini mtu aliyekua akiona haya.

Na hapo hapo kuna neno moja ninalowaomba mlitazame. Sisi tukisema "niko natumika" tunamaanisha tuko kazini. Mtu wa Dar es Salaam akisikia "natumika" anaelewa kwamba kuna mtu anakutumia. Nililijua hilo kama jambo la msamiati tu, mpaka mwaka 2021.

4. Mwaka huo nilikuwa na akaunti nzuri katika jukwaa moja la kukusanya sauti. Ulikuja mradi wa wasomaji kumi. Kila msomaji sentensi 300, simu yake mwenyewe, chumba kimya, fomu ya ridhaa kwa jina na saini yake. Malipo dola 18 kwa msomaji, tarehe ya mwisho Jumapili usiku. Nilisoma masharti hayo yote. Sitaki mtu aseme sikuelewa.

Niliita vijana kumi wa mtaani. Nikawaahidi dola 10 kila mmoja, na hizo nane za juu ni zangu kwa sababu akaunti ni yangu, mashini ni yangu, megabaiti nimenunua mimi. Hesabu hiyo niliiona ya haki kabisa. Tuliegemeza godoro dirishani, tukatundika blanketi mlangoni, tukaanza Ijumaa mchana katika sebule ya mama. Sentensi zilikuwa za kuamrisha vyombo: "Washa taa ya sebuleni." "Punguza sauti ya redio." Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, tunasoma kwa mwanga wa simu, na kila mtu akifika kwenye "washa taa" wengine wanaziba midomo wasicheke. Ilikuwa siku nzuri. Nasema hivyo makusudi, maana kosa halikuja na harufu mbaya.

Baba alipita akaelekea uani, akasimama kidogo, akatazama wale vijana wamekaa chini wakingoja zamu. Wiki chache kabla aliniuliza patro wangu ni nani, nami nikamjibu kwa kiburi kwamba sina. Siku ile akauliza swali jingine: "Na aba batoto, patro yabo ni nani?" Nikamwambia baba, tunarekodi, tafadhali usiongee.

Jumamosi jioni simu za wawili ziliishiwa chaji, kwa hiyo tukaendelea na simu yangu. Wa kumi hakuja kabisa. Kulikuwa na dada mmoja aliyesoma vizuri kuliko sisi sote, hasiti, hamezi silabi, ameacha meza ya makala ya mama yake siku mbili ili aje. Nilimwomba asome tena sentensi 300 kwa sauti nzito kidogo, nikamwandika kama mtu mwingine, miaka 41. Nikamwahidi dola 5 za ziada. Jumapili saa nne usiku fomu kumi zilikuwa mezani na muda hautoshi kuwarudia watu nyumba kwa nyumba, basi nilizisaini mwenyewe. Nilibadilisha mwandiko kila fomu. Mkono wangu unaikumbuka kazi hiyo mpaka leo.

Alhamisi ikaja barua ya mistari mitatu. Sauti mbili ni za mtu mmoja, saini hazikubaliki, kazi yote imekataliwa, akaunti imefungwa. Ndani yake kulikuwa na dola 212 za unukuzi nilioufanya kihalali kwa wiki tano. Zikaenda nazo.

Hasara hiyo niliililia siku mbili, na sikustahili kulia kwa ajili yake. Kilichonivunja kilikuja baadaye. Vijana walianza kupita. Wa kwanza alikuja Ijumaa, akasimama mlangoni kwa adabu, akauliza kama kuna habari. Nikafungua mdomo nikasema: "Feza iko mu njia."

Niliyasikia yakitoka. Maneno yale yale, hata ile namna ya kutazama pembeni. Wa pili nikamwambia hivyo hivyo, na wa tatu nikaongeza kwamba wazungu wamechelewesha. Nilidanganya wiki mbili nzima. Wazungu hawakuchelewesha chochote. Walikuwa wameandika masharti, mimi nimeyavunja, na watu tisa walitumika kwangu kwa zile maana mbili nilizowaambia.

Dada wa makala alikuja wa mwisho. Kwake nilisema ukweli, sijui kwa nini kwake. Labda kwa sababu hakuulizia feza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ina vumbi jeusi, akaniuliza: "Yaya, na sauti yangu sasa iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Fomu ya ridhaa ndiyo inayomwambia mtu sauti yake itakaa wapi, itatumiwa kwa nini, na amwandikie nani akitaka ifutwe. Fomu yake nilisaini mimi. Hakuisoma. Sauti yake ilikuwa mahali fulani duniani mara mbili, mara moja kwa jina lake, mara moja kwa jina la mtu asiyekuwapo, na yeye hana karatasi hata moja.

Nilirudi kwenye duka la vipuri. Patro alinipokea bila maneno mengi. Nilikuwa nimewaahidi wanane dola 10 kila mmoja na yule dada 15, jumla 95, nikazilipa kwa miezi mitano kwa Airtel Money, tano tano, kila nilipopokea mshahara uliochelewa. Kila mmoja nilimfuata nyumbani kwanza nikamwambia niliyofanya. Wawili hawasemi nami mpaka leo, na ninawaelewa.

Kwa hiyo mnaponiambia "yaya, ni watu wanne tu", mimi siwasikii hao wanne. Nasikia swali la baba. Mtu anayeanza kujilipa mwenyewe hujiona ametoka chini ya watu, na hafikirii kwamba siku anapomwita mwenzake wa kwanza "njoo unisaidie", tayari kuna mtu chini yake. Anayajua maneno ya patro kwa moyo. Ameyasikia utoto wake wote.

5. Mengine kwa haraka, maana nimeandika sana.

Rekodini kati ya saa tisa na kumi na moja alfajiri, kabla jenereta na kwaya. Jogoo wa mama yumo katika rekodi zangu zote za mwaka wa kwanza.

Kuanzia Novemba mpaka Machi msiahidi sauti ya mchana chini ya bati. Mvua haina mkataba nanyi.

Mkitaka kujifunza kusikia klipu safi, ingieni Common Voice ya Mozilla, ina Kiswahili. Hawalipi, ni ya kujitolea, lakini kuhakiki klipu mia za wengine kutawafunza sikio kuliko ushauri wangu.

Piga hesabu ya saa za mteja. Wakati wa kiangazi chao, New York ni saa tano asubuhi sisi tukiwa saa kumi na moja jioni. Ujumbe wake wa "leo" unaweza kukukuta umelala.

Na mwambieni mama zenu ratiba. Mama yangu kwa mwaka mzima aliamini kwamba mtu aliye nyumbani mchana hana kazi, akanituma unga kila nilipovaa vipaza sauti vya masikioni. Nilimkasirikia sana. Siku nilipokaa naye nikamchezea dakika moja ya sauti, nikamwonyesha inavyogeuka maandishi na dakika hiyo inalipa nini, alivuta kiti akasikiliza dakika kumi, akanisahihisha neno moja nililoandika vibaya. Tangu hapo unga anatumwa mwingine.

Yule mdogo wa Kasapa nilimwambia yote haya Jumanne ile ile, bukari ikapoa. Alinyamaza. Jumamosi alirudi na wenzake wote wanne, kila mmoja na simu yake na kadi yake ya mpigakura. Tulisoma fomu ya ridhaa kwa sauti, sentensi kwa sentensi, tukiigeuza kuwa Kiswahili cha nyumbani. Mmoja akaisoma mara mbili, akasema hataki sauti yake iende huko, akatusalimu akaondoka. Wawili akaunti zao zinangoja kuhakikiwa. Wa nne kadi yake inasema Kasongo na diploma inasema Kassongo, kwa hiyo kesho anakwenda kuulizia marekebisho, na mdogo wangu amesema atakwenda naye wapange foleni pamoja.