Jibu: Vitundu kwenye kifuniko cha klachi baada ya kuoka rangi ya unga

Ndugu, umeuliza kwa nini kifuniko cha klachi cha pikipiki kimetoka na vitundu ilhali kikanyagio cha gia cha chuma kimetoka safi. Unga wako wa rangi (ule mkavu unaopulizwa kwa chaji ya umeme kisha kuokwa) hauna kosa. Kifuniko ni cha alumini ya kumimina (iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), nayo ina vijishimo vinavyohifadhi hewa na mafuta; ikipata moto, vitu hivyo hutoka kwa kupenya rangi ambayo bado ni laini.

Ondoa rangi yote, piga mchanga kwa hewa ya kompresa, osha kwa asetoni, kisha kioke kikiwa kitupu kwa nyuzi 220 za Selsiasi kwa saa nzima, yaani juu kidogo ya joto la kuokea rangi. Yakijitokeza madoa ya mafuta, osha na urudie. Baada ya hapo usikishike bila glavu.

Unga mwingi huiva kwa nyuzi 200 kwa dakika 10 (soma pakiti yako), lakini dakika hizo zinaanza kuhesabiwa kipande chenyewe kikifika joto hilo, si oveni. Hapa ndipo wengi hukosea, na rangi hubanduka baadaye.

Kona za ndani zikikataa unga, kuongeza unga hakusaidii: punguza volti ya bunduki ya kupulizia, na hakikisha klipu ya ardhi (ethi) imegusa chuma kitupu. Matundu ya skrubu yazibe kwa vizibo vya silikoni.

Oveni iwe ya umeme, na isipikiwe chakula tena. Pulizia mbali na moto, maana unga ukitanda hewani unaweza kulipuka. Barakoa ni lazima.