Ganzi ya miguu na kliniki nne

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 63, na amekuwa na kisukari kwa miaka 11. Usiku hulalamika kuwa nyayo zinawaka moto, na mwezi uliopita alirudi kutoka msikitini akiwa na kandambili moja, asijue nyingine ilimtoka mguuni wapi. Hospitali ya rufaa imetuandikia kliniki ya kisukari, daktari wa mishipa ya fahamu, fiziotherapia na fundi wa viatu maalumu. Nauli inatuelemea. Je, kote huko kuna haja, au tunazungushwa? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hamzungushwi, na kandambili ile ndiyo inayonifanya niseme hivyo bila kusita. Kisukari cha miaka mingi hudhuru mishipa ya fahamu, na iliyo mirefu zaidi ndiyo inayotangulia kudhurika, na kwa hiyo maradhi huanzia vidoleni na nyayoni. Watu hushangaa kwamba mguu uleule unaowaka moto usiku unaweza usihisi mwiba mchana, lakini ndivyo ilivyo.

Kliniki ya kisukari inasimamia sukari ili madhara yasiendelee. Daktari wa mishipa ya fahamu ana kazi nyingine, kwa kuwa si kila ganzi ya mwenye kisukari imeletwa na kisukari: upungufu wa vitamini B12, ambao dawa ya kisukari iitwayo metformini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kuusababisha, pombe, VVU, ukoma na baadhi ya dawa za kifua kikuu huleta dalili zinazofanana, na baadhi ya hizo zina tiba yake mahususi. Atamfumbisha baba macho na kumgusa nyayo kwa kiuzi cha nailoni kinachopinda kwa uzito wa gramu 10, na kila mara amuulize kama amehisi. Huenda akampa amitriptilini, dawa ambayo wengi huiacha wakisikia kwamba hutibu sonona. Kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva, ingawa hairudishi hisia iliyopotea.

Mtaalamu wa fiziotherapia atapima nguvu za misuli na namna anavyosimama, maana asiyeihisi sakafu huanguka kwa urahisi, hasa akienda msalani gizani. Kuhusu fundi wa viatu, nawasihi msimwache wa mwisho kwa kudhani kuwa ni anasa. Kidonda cha unyayo mara nyingi huanzia pale uzito unapokandamiza sehemu moja kila siku bila mwenyewe kuhisi, na vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyowafikisha wengi kwenye kukatwa mguu.

Mzigo wa nauli, hata hivyo, ni wa kweli, na lawama yake ni yetu sisi watoa huduma, ambao tungepaswa kukutana mezani kuhusu mgonjwa mmoja badala ya kumtembeza. Mwombeni muuguzi wa kliniki ya kisukari awapangie miadi miwili au mitatu katika siku moja, na mbebe daftari moja lenye orodha ya dawa zote, ili kila mtaalamu asome alichoandika mwenzake.

Nyumbani, baba asitembee peku wala asikanze miguu kwenye moto. Msikitini avae soksi safi. Kila anapotawadha ana nafasi nzuri ya kutazama na kukausha katikati ya vidole, na kabla ya kulala wewe umtazame nyayo kwa taa. Maji ya kuoga ayapime mtu mwingine, au yeye mwenyewe kwa kiwiko. Mkiona kidonda, hata kama hakiumi, au mguu mmoja ukivimba na kupata joto kuliko mwenzake, msingojee tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.