Re: Vigae vya Kijerumani Bergen vinatosha kuwa ushahidi?

Habari mkuu, umeuliza kama vigae vya Kijerumani (vipande vya vyungu) vilivyochimbwa Bergen, Norwei, vinathibitisha kwamba wafanyabiashara wa Hansa, ule umoja wa zamani wa miji ya biashara ya Ujerumani kaskazini, waliishi pale. Peke yake havitoshi, chungu kinasafiri na meli yoyote, hata mimi nilikwama hapohapo. Anza na maandishi kwanza: ofisi yao, Kontor, ilikuwepo tangu karibu 1360, na kanisa la Mariakirken walikuwa nalo kuanzia 1408 mpaka 1766, sasa mtu wa kupita tu hawezi kushika kanisa miaka yote hiyo. Majengo ndo uwe makini sana, zile nyumba za mbao za Bryggen, gati la zamani la Bergen, kwenye mapicha zilijengwa baada ya moto wa 1702, mabaki ya zamani yako chini, yalianza kufukuliwa baada ya moto wa 1955.