Ukienda kumwangalia kweche, mtazame jike

Kila anayejua kwamba napenda ndege lazima anitumie ile video ya ndege mweusi wa misitu ya mvua ya Queensland, Australia. Dume anapanda juu ya kisiki, anakunjua mabawa mpaka yanakuwa duara, anaachama mdomo ambao ndani ni manjano tupu. Ni wa jamii ya ndege wa paradiso, na jina lake la kisayansi, Ptiloris victoriae, limetokana na Malkia Victoria wa Uingereza, yuleyule ambaye mpelelezi Speke alilipa ziwa letu jina lake mwaka 1858. Halafu linafuata swali: "Huku kwetu tutawaona wapi?"

Hao huku hawapo. Ila mvua zikishakolea, nenda kwenye majaruba ya mpunga au matete ya kando ya ziwa ukamwangalie kweche. Kiangazi dume huwa kahawia mwenye michirizi, utadhani shomoro. Msimu wa kuzaliana ukifika anavaa nyekundu na nyeusi, anajitutumua manyoya mpaka shingo inapotea, kisha anaruka polepole juu ya matete huku mabawa yakivuma.

Wahi kabla jua halijawa kali. Mwamkie mwenye shamba kwanza, kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu" (umeamkaje, mama), maana kwake kweche ni mwizi wa mpunga, na mtu anayezurura na darubini kwenye jaruba lake anatia shaka. Usiingie majini hata kama yanaishia kifundoni, kichocho kipo. Kwenye matete ya ziwani waulize wavuvi habari za mamba na viboko, na wakisema usipite, usipite.

Sasa ukishamwona dume, mwache. Wengi humkodolea macho yeye tu, na hapo ndipo wanapokosa uhondo. Tafuta jike, yule wa kahawia asiyevutia. Akitua kwenye tete, dume anapagawa. Jike anaingia kwenye kiota ambacho dume amekisuka kwa majani mabichi, anakikagua, mara nyingine anatoka na kwenda zake. Akikiridhia, anakitandika mwenyewe ndani, anataga na kuatamia peke yake, wakati mwenzake yuko tete la pili anasukia mke mwingine. Yule wa Queensland hata kiota hasuki, kwa hiyo kweche afadhali, angalau anatoa nyumba.

Usifunue majani ili upate picha ya kiota. Unawaonyesha maadui njia. Kama huna darubini, azima. Kwa simu utaambulia nukta nyekundu tu.