Miaka Sita ya Chai Kyoto

Ndugu zangu, siku ya sikukuu mliniuliza kwenye simu inakuwaje mtu mzima akae Kyoto, huku Japani, miaka sita akijifunza kuandaa chai, na kama jambo hilo linalipa. Halilipi. Riziki yangu naipata katika kiwanda cha vipuri, na ada ya masomo hutoka katika mshahara huo huo, pamoja na ile inayotozwa kila mwanafunzi anaporuhusiwa kupanda hatua. Wanafunzi wanne ninaowafundisha Jumamosi, kwa idhini ya mwalimu wangu, huchangia unga wa chai na vitafunio vitamu vya maharage tu.

Chai yenyewe ni gramu mbili hivi za macha, yaani majani mabichi ya chai yaliyopitishwa kwenye mvuke, yakakaushwa na kusagwa, ambayo hutiwa maji ya moto yapatayo mililita 70 na kukorogwa kwa kikorogeo cha mwanzi. Haina sukari wala maziwa. Kazi iko katika kumfanya mgeni aone kwamba alikuwa akingojewa. Ndiyo maana mwenyeji humpa bakuli likiwa limemwelekezea upande wake mzuri, naye mgeni huligeuza kabla ya kunywa ili asiuguse upande huo kwa midomo. Mwaka wa kwanza niliumaliza nikikunja kitambaa cha hariri na kukalia visigino hadi miguu ikafa ganzi.

Magoti hayakuniumiza kama Novemba ya kwanza. Kuanzia Mei hadi Oktoba birika hukaa juu ya jiko liitwalo furo. Novemba inapoingia, huhamishiwa kwenye ro, shimo la moto lililo sakafuni, na mwenyeji huketi kimshazari kulielekea. Mikono yangu iliyokwisha kuzoea ikapotea kabisa, nikalia mbele za watu. Mwalimu wangu, bibi aliyepita miaka 70, aliniambia kwamba naye hukosea kila Novemba, kisha akanitaka nianze upya.

Mmeuliza pia kama nabaguliwa. Nimenyimwa nyumba ya kupanga mara mbili kwa sababu ni mgeni, na iliniuma sana. Chumba cha chai cha jadi kina mlango wa kimo cha sentimita 66 hivi, unaohusishwa na Sen no Rikyu, mwalimu mashuhuri wa chai aliyekufa mwaka 1591 kwa amri ya mtawala Toyotomi Hideyoshi. Kila mtu huupita kwa kutambaa, na zamani hata askari aliacha upanga wake nje. Nikiwa humo sijawahi kuulizwa natoka wapi kabla ya kupewa chai.

Kufundisha ndiko kulikonifunua. Mwanafunzi wangu mmoja ni mashoto, na utaratibu wetu umejengwa juu ya mkono wa kulia. Nilimwambia afuate tu, na wiki iliyofuata hakuja. Nilimwandikia kumwomba radhi, kisha nikaandaa chai nzima kwa mkono wangu wa kushoto ili niujue ugumu wake. Amerudi, na sasa twaenda taratibu.

Mama, nitakuja Desemba kwa wiki tatu, nikileta bakuli mbili, kikorogeo na kopo la macha. Naomba mniwekee mkeka safi na makaa, nawe uketi mahali pa mgeni wa kwanza.