Kabla hujafunga spika kwenye pikapu, isikilize kwanza

Mteja aliyenifundisha kazi hii alikuja na dabo kebini ya dizeli. Kila wiki alikuwa anakwenda Mtera na kurudi Dodoma, na malalamiko yake yalikuwa mafupi: taarifa ya habari haisikiki njiani. "Fundi, nifungie spika kubwa." Nikamfungia. Spika nne mpya, amplifaya (mashine ya kukuza sauti) chini ya kiti, waya zimepangwa vizuri. Baada ya wiki mbili akarudi. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Redio sasa inasikika, akasema, lakini akifika nyumbani kichwa kinamgonga.

Tukatoka naye hadi Ihumwa. Hatukufika mbali nikaelewa nilichokosea. Raba ya mlango wa nyuma kushoto ilikuwa imepasuka na upepo unapiga mluzi. Matairi yalikuwa yale ya meno makubwa ya matope. Bati la nyuma ya kiti lilikuwa linatetema kama debe tupu. Nilikuwa nimeongeza kelele juu ya kelele, na mzee wa watu akawa anazibeba zote mbili kichwani.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu naona vijana wengi wanaingia kwenye kazi hii kwa kupenda mziki, na mtu anayependa mziki hukimbilia spika. Kuna hesabu moja nataka muishike. Ukitoa amplifaya ya wati 50 ukaweka ya wati 100, unapata desibeli 3 tu za ziada (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukipunguza kelele ya ndani ya kebini kwa desibeli 3, umepata nafasi ile ile kati ya sauti na kelele, na hujaongeza hata tone la umeme. Tena sikio la dereva linapumzika, jambo ambalo amplifaya haliwezi kulifanya kamwe.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, panda gari pamoja na mwenyewe. Zima redio, zima feni ya AC, funga vioo. Kwanza gari likiwa limesimama, mwambie apandishe injini hadi mizunguko 2,500. Kelele anayoilalamikia ikitokea hapo hapo, ni ya injini au ekzosi, na huenda kazi ni ya fundi makanika na si yako. Kisha nendeni barabarani, kilomita 50 kwa saa, halafu 80. Kelele inayobadilika mnapotoka kwenye lami laini kuingia kwenye lami ya kokoto ni ya matairi. Inayoanza baada ya 70 na kuzidi mnapopishana na lori ni upepo. Ukishuku upepo, bandika karatasi tepu kuzunguka mwanya wa mlango kwa nje, mrudie njia ile ile. Mluzi ukikata, umeshampata mwizi. Mlango huo ufungie kipande cha karatasi halafu ukivute: kikitoka bila kubisha, raba imekufa. Raba mpya ya mlango ni bei ndogo ukilinganisha na kazi nyingine zote nitakazozitaja hapa, na mara nyingi ndiyo inayoleta tofauti ambayo mteja anaisikia siku hiyo hiyo.

Simu yako unaweza kuiwekea programu ya kupima desibeli. Namba zake si za maabara, lakini simu ile ile, ikikaa mahali pale pale, kwa mwendo ule ule, itakuonyesha tofauti ya kabla na baada. Andika. Usimwahidi mteja ukimya wa gari la kifahari. Mngurumo mzito wa matairi hauzuiliki kirahisi kwa sababu sauti nzito hupenya vitu vyepesi. Desibeli 3 au 4 kwenye pikapu ni kazi ya kujivunia.

Sasa tuje kwenye bati. Gonga mlango wa pikapu katikati kwa kifundo cha kidole. Unalia, na mlio unabaki hewani. Bati ni pana, jembamba, halina kitu cha kulishika. Ukibandika mkeka wa butili (raba laini inayonata) wenye foili ya alumini juu, ile raba inanaswa kati ya bati na foili, inavutwa huku na huku kila bati linapotetema, na mtetemo unageuka kuwa joto dogo sana. Gonga tena: linatoa mshindo mfupi, basi. Kwa kazi hiyo huhitaji kufunika bati lote. Robo hadi theluthi ya eneo, ikiwekwa katikati pale bati linapocheza zaidi, inatosha kwa sehemu nyingi. Nimeona vijana wanafunika kila sentimita, wanaongeza uzito na gharama, na mteja hasikii tofauti. Mkeka wa milimita 2 una uzito wa kilo 3 hivi kwa mita mraba. Fanya hesabu ya kebini nzima, halafu fikiria bawaba za mlango.

Usikubali mikeka ya lami. Najua bei yake ni rahisi, na mteja hawezi kuitofautisha ikishabandikwa. Lakini gari lililoegeshwa juani Dodoma mwezi wa Oktoba au Novemba, vioo vikiwa vimefungwa, dashibodi inaweza kupita nyuzi 60. Lami inalainika, inanuka, inaachia. Niliwahi kufungua mlango uliofanywa na fundi mwingine nikakuta mkeka umeteremka wote chini, mweusi, umeshikamana na nyaya za kioo na umeziba matundu ya kutolea maji. Kusafisha mlango huo kulinichukua siku nzima. Mteja alikuwa amelipa mara mbili kwa kazi moja.

Matundu hayo ya chini ya mlango niyasisitize hapa. Mvua ikinyesha, maji hupita kwenye mpira wa kioo, huteremka ndani ya mlango na kutokea chini. Ndivyo mlango ulivyoundwa. Ukiyaziba, Januari mlango utakuwa ndoo, na kutu itaanzia ndani ambako hakuna anayeiona. Tundu moja moja lihakikishe kwa kidole kabla ya kurudisha kava.

Adui mwingine ni vumbi, na hapa kwetu tunalo la kutosha. Pikapu inayoshinda vijijini, Bahi, Mvumi, Mpwapwa, ukiifungua mlango utakuta vumbi jekundu laini kama unga limekaa hadi nyuma ya mota ya kioo. Butili haishiki vumbi, inashika bati. Piga brashi, vuta kwa mashine, futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, acha pakauke, malizia kwa spiriti. Usitumie petroli. Inaacha utando wa mafuta, na ndani ya kebini iliyofungwa cheche moja inatosha kuleta msiba. Halafu bandika na ukandamize kwa rola ndogo mpaka zile alama za kwenye foili zilale. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Dodoma inaukaza mkeka, kwa hiyo uanike juani dakika chache kwanza. Vaa glavu, foili inakata kama wembe.

Kwenye sakafu, toa viti na kapeti kabisa. Ukikuta unyevu, simama. Tafuta maji yanakoingilia, kausha, tibu kutu, ndipo uendelee. Lakini kabla ya kuchomoa plagi yoyote chini ya kiti, angalia rangi: plagi na mirija ya njano ni ya eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) au ya vifaa vinavyokaza mikanda ya usalama ajali ikitokea. Toa terminali hasi ya betri, subiri dakika kumi, na usiwashe swichi ya gari wakati plagi hizo zimechomolewa, vinginevyo taa ya eabegi itawaka na utaanza kutafuta mtu mwenye mashine ya kuifuta. Kwenye nguzo za pembeni na kingo za dari, kama gari lina eabegi za pazia, usibandike chochote kinachoweza kuzizuia zisifunguke. Hapo hakuna mjadala wa mziki.

Bati la nyuma ya kiti ndilo kubwa na tupu kuliko yote kwenye dabo kebini, nami huanza nalo karibu kila mara. Chunguza lakini kama lina vitundu vya kupumulia hewa, vyenye vipande vya raba vinavyofunguka na kufunga. Ukivifunika, milango itakuwa migumu kufunga na hewa ya AC itazunguka vibaya.

Juu ya butili, sakafuni, unaweza kuongeza sponji isiyonyonya maji na vinili nzito. Vinili ndiyo inayozuia sauti kupita, kwa uzito wake, na kazi yake inategemea isiwe na mwanya, maana sauti hupenya kama maji. Kwa mteja mwenye bajeti ndogo mimi huiacha na kubaki na butili na raba za milango.

Baada ya hapo ndipo tuongee redio. Gari lililotoka Japani mara nyingi linakuja na redio yao inayoanzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu zinapatikana kati ya 87.5 na 108. Kuna kifaa kidogo cha kuhamisha masafa, lakini namba zinazosomeka kwenye kioo huwa si za kweli na usikivu unashuka. Kama mteja ana uwezo, mshauri abadilishe redio.

Pima umeme kabla ya kununua chochote. Betri mbili hazimaanishi volti 24, wala moja haimaanishi uko salama kukisia. Land Cruiser nyingine za dizeli zina betri mbili zilizoungwa sambamba kwa volti 12, nyingine ni 24 kweli. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye plagi ya redio yenyewe. Kwa gari la volti 12 utaona karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa, na 14 hivi ikiwa inanguruma.

Mlango ndio boksi la spika yako, na hapo ndipo kazi ya bati inalipa. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Kama mlango una matundu makubwa ya wazi, hewa ya nyuma inazunguka na kuiua ile ya mbele, na sauti inayokufa kwanza ni besi. Ziba matundu ya bati la ndani kwa mkeka au kipande cha plastiki kigumu kinachoweza kutolewa siku mota ya kioo ikiharibika. Spika za kawaida kwenye mlango uliozibwa vizuri zimewahi kunishangaza kuliko spika ghali kwenye mlango mtupu. Pete ya spika isiwe ya mbao zilizosagwa bila kuzuiliwa maji, itavimba. Na kabla ya kutoboa, teremsha kioo hadi mwisho, upime kina cha sumaku.

Kwa amplifaya, hesabu ni rahisi. Chaneli nne za wati 75 halisi ni wati 300. Kama mashine ina ufanisi wa asilimia 80, inakula wati 375, ukigawa kwa volti 13.8 unapata ampea 27. Fyuzi ya 30 na waya wa shaba wa milimita mraba 8 hadi 10. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu inalinda waya, na waya usio na fyuzi unaopita kwenye tundu la bati ni moto unaosubiri. Kwangua waya kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, itabidi uchukue waya mnene zaidi. Ethi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) iwe fupi, kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Waya za mawimbi, zile zinazoleta sauti kutoka redioni hadi kwenye amplifaya, pitisha upande mwingine wa gari, mbali na waya wa umeme.

Kifundo cha geini kwenye amplifaya ni cha kuilinganisha na redio, si cha kuongeza sauti. Weka sauti ya redio robo tatu, pandisha geini mpaka usikie sauti inaanza kuchanika, rudisha nyuma kidogo. Spika za milango zikatie sauti nzito za chini ya hezi 80, sabufa ndogo (spika ya besi) ya chini ya kiti ichukue hizo.

Mwisho wa kazi, cheza kutoka kwenye simu sauti moja inayopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 200. Kila klipu iliyolegea itajitaja yenyewe. Simamisha hapo, kandamiza kwa mkono hadi mlio ukate, weka utepe wa kitambaa.

Mwaka jana kijana wangu alikuwa anamalizia gari la mama mmoja wa Chamwino. Mama alikuja na fleshi ya ngoma za kwao. Kijana akasikia mvumo mdogo kwenye mlango wa kulia, akafungua kava, akabana kila klipu, akafunga. Mvumo ukabaki. Akafungua tena. Nilipofika nikasogeza sauti upande wa kushoto, na mvumo ukahamia kushoto. Ilikuwa ilimba, ala ya ubao yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ikivuma ndani ya ngoma zenyewe. Wagogo huziba tundu la ubao wake kwa utando wa buibui, makusudi, ili kila mlio uwe na mvumo wake. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma, macho ameyafumba. "Hiyo acha," akamwambia, "hiyo ndiyo yenyewe." Miaka yote kwenye gari lile alikuwa hajawahi kuusikia.